Fomu ya kujisajili: namba, msimbo na ritifaa

Ukiniletea tovuti niikague, rangi na picha sizigusi kwanza. Naenda kwenye fomu ya kujisajili, maana huko ndiko mteja anakopotea kabla hata hajaiona huduma yenyewe.

Namba ya simu haina mambo mengi. Usiiwekee kisanduku cha type="number"; hicho ni cha hesabu, na sifuri ya mwanzo huweza kupotea. Weka type="tel", kisha mwache mtu aandike alivyozoea: aanze na 07, na 255, au hata na +2550, kosa linalotokea fomu ikitanguliza +255 naye akaendelea na sifuri yake. Kuondoa nafasi, vistari na sifuri isiyotakiwa ni kazi ya programu. Hifadhi +255 na tarakimu 9, tena kama maandishi. Kenya nako ni 9 baada ya +254, ila fomu inayodai 07 tu inawafukuza wenye 010 na 011. Burundi na Oman ni 8. Na usibashiri mtandao kwa tarakimu za mwanzo: Wakenya wanahama mtandao na namba zao tangu 2011, Watanzania tangu 2017.

Balaa liko kwenye msimbo, zile tarakimu zinazotumwa kwa meseji ili kuthibitisha namba. Meseji inachelewa, mtu anabonyeza "Tuma tena", mfumo unafuta msimbo wa kwanza na kutengeneza wa pili. Mara ile meseji ya kwanza ndiyo inaingia. Anaandika alichotumiwa, anaambiwa amekosea. Anarudia, anakosea tena, mwisho anafungiwa akaunti ambayo bado hana. Dawa yake ni kwamba ndani ya dakika 10 kila "Tuma tena" ipeleke msimbo ule ule. Ukiwa na tarakimu 6 na kikomo cha majaribio 5, usalama haudhuriki kwa kiasi cha kukunyima usingizi.

Kuna na simu zenye RAM ndogo, ile kumbukumbu ya kuendeshea programu. Mtu akitoka kwenye kivinjari kwenda kusoma meseji, Android huweza kuufunga ukurasa ili ipate nafasi. Akirudi, unapakiwa upya na fomu ni tupu. Hatua aliyofikia ihifadhiwe kwenye seva, akirudi akute kisanduku cha msimbo kinamsubiri. Juu yake onyesha namba iliyotumiwa meseji, na kitufe cha kuibadilisha, kwa kuwa mwenye laini mbili hakosi kuchanganya. Kwenye kisanduku hicho ongeza autocomplete="one-time-code" ili simu inayoweza hilo impendekezee msimbo bila yeye kutoka pale alipo.

Sasa ritifaa, ile alama ya ng'. Fomu ikiruhusu A hadi Z peke yake, Nyong'o na Ng'wandu wanaambiwa "Jina si sahihi". Mtu mzima, jina la babu yake! Waandaaji programu huikataa kwa kuogopa mashambulizi ya SQL (mtu kupenyeza amri za kanzidata kupitia kisanduku), wakati kinga ya hayo ni kupeleka data kwenye kanzidata kwa vigezo, yaani ikiwa imetengwa na amri, wala si kuchuja majina ya watu.

Halafu zipo mbili: ya wima (') na iliyopinda (’), ambayo iPhone huweza kuiweka yenyewe. Kwa kompyuta hizo ni alama tofauti. Ukitafuta Nyong'o humpati Nyong’o. Zigeuze zote ziwe za wima wakati wa kuhifadhi.

Iliyopinda inakula na pesa. SMS ya kawaida hubeba herufi 160, lakini iliyopinda haimo kwenye orodha ya herufi za SMS, hivyo ikiingia moja tu meseji nzima inabadilishiwa mfumo na nafasi zinashuka hadi 70. Ikizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe wa herufi 140 uliokuwa SMS 1 unalipiwa kama 3, kwa kila mteja mwenye ng’ kwenye jina, au kwa wateja wote kama alama hiyo imo kwenye kiolezo. Kabla hujamgombeza anayekuuzia SMS, fungua kiolezo chako uitafute. Kama kiliandikwa kwenye Word, kuna uwezekano mkubwa imo.