Neno "bill" kwa Kifaransa: dhana potofu na ukweli

Katika nyumba moja ya wageni hapa Dodoma, kando ya barabara iendayo Singida, ambako madereva wa malori ya Burundi hupenda kulala, palibandikwa tangazo la Kifaransa lililomtaka mgeni alipe "projet de loi", yaani muswada wa sheria, kabla ya kurudisha ufunguo. Dereva mmoja alilisoma mara mbili, kisha akamuuliza dada wa mapokezi kama Bunge nalo siku hizi linalala hapo. Mwandishi wa tangazo alikuwa ametafuta neno "bill" na kuchukua jibu la kwanza aliloliona.

Dhana: Kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja wa Kifaransa, na lililotangulia kwenye kamusi ndilo hilo.

Ukweli: Kinachofasiriwa ni maana, na maana hujulikana kwa mahali neno lilipokaa. "Bill" ya mgahawani ni "addition", ya hotelini ni "note", ya maji au umeme ni "facture". Noti ya Mmarekani ni "billet", na mdomo wa ndege ni "bec". Tangazo lile lingesema "Veuillez régler votre note", likaisha. Kamusi nzuri huweka alama ya uwanja kando ya kila maana, kama vile sheria, biashara au ndege, na hizo ndizo alama ambazo wengi wetu huziruka.

Dhana: Kiswahili hakina msaada kati ya Kiingereza na Kifaransa.

Ukweli: Kinao, tena mkubwa. Sisi tunasema bili au ankara, muswada, noti na mdomo, kwa hiyo anayejiuliza kwanza angesemaje kwa Kiswahili huwa ameshakwepa makosa ya kuchekesha. Msaada huo, hata hivyo, una mpaka wake, na katika mji huu wenye Bunge mpaka huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Muswada unaoletwa na Serikali huitwa "projet de loi", ilhali ule unaoletwa na mbunge mwenyewe huitwa "proposition de loi". Nchini Ufaransa, ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1958 inampa Waziri Mkuu pamoja na wabunge haki ya kuanzisha sheria, na majina hayo mawili humwonyesha msomaji papo hapo nani kaleta nini. Kiingereza huweza kuyafunika yote kwa "bill". Mfasiri anayeandika "projet" kwa muswada binafsi amemnyang'anya mbunge kazi yake na kuikabidhi Serikali, na msomaji aliyeko Kinshasa hatakuwa na njia ya kulitambua kosa hilo.

Dhana: Maneno yanayofanana kwa sura yana maana moja.

Ukweli: "Billet" ni noti au tiketi. Dereva akiambiwa alipe "billet" atadhani anadaiwa nauli.

Dhana: Programu ya simu itachagua yenyewe.

Ukweli: Ikipewa neno tupu hubahatisha, ikipewa sentensi nzima inayotaja chumba na mgeni, mara nyingi hupata.

Pale kwenye nyumba ya wageni karatasi imeshabadilishwa. Sasa imeandikwa "facture", neno ambalo hata hotelini halikataliwi, ingawa mimi ningeandika "note".