Kwa nini sukari hupanda kabla hata ya chai ya asubuhi

"Sijatia kitu mdomoni tangu jana usiku, mbona mashine ya sukari inasoma 9?" huuliza mgonjwa wa kisukari, akimaanisha milimoli 9 kwa lita ya damu. Jibu la swali hili limo ndani ya seli za ini, kwenye mlango wa kiini.

Kiini ndicho kinachohifadhi DNA. Utando wake una vitundu vilivyojengwa kwa aina 30 hivi za protini. Molekuli ndogo hujipitia tu, lakini protini inayozidi kilodalton 40 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli) haipiti bila mchukuzi anayeitambua alama yake, mfano wa kontena la Kilindini lisilotoka getini bila makaratasi. Vitundu vyenyewe vimebandikwa vipande vya sukari. Vipande hivyo vikiwa vingi, upitaji huenda kasi zaidi.

Mojawapo ya protini kubwa zinazohitaji mchukuzi ni FOXO1, yenye kilodalton 70 hivi. Usiku tumbo likiwa tupu, hukaa kiinini ikiwasha jeni za kutengeneza glukosi, ubongo usikose chakula. Asubuhi ukila mahamri kwa mbaazi, glukosi hupanda na kongosho humwaga insulini. Ndani ya seli ya ini, kimeng'enya kiitwacho Akt huibandika FOXO1 fosfati pahali patatu. Hapo protini nyingine, 14-3-3, huikumbatia na kuifunika alama yake ya kuingilia. FOXO1 hutolewa nje, na kiwanda cha glukosi kinapoa.

Glukokinezi, kimeng'enya kingine cha ini, huenda kinyume: wakati wa njaa hufungiwa kiinini, sukari ikipanda huachiliwa itoke kuishika glukosi.

Katika kisukari cha aina ya pili insulini ipo, ila ini halimsikilizi mjumbe huyo. Fosfati hazitoshi, FOXO1 husalia kiinini, na ini humwaga sukari usiku kucha. Ndiyo ile 9. Kulala na njaa hakuiondoi, na kwa anayetumia insulini kunaweza kuishusha sukari yake vibaya. Dawa ya metformin hupunguza utengenezaji huo wa ini, kwa njia yake nyingine. Kutembea kila siku huirudishia misuli usikivu wa insulini.

Ukienda kupima, kaa bila chakula kwa muda wa saa 8. Maji ruhusa, lakini chai ya sukari, hata nusu kikombe, inaharibu kipimo. Kidole kilichoshika embe au halua hutoa namba ya uongo, basi nawa kwa sabuni ukauke kwanza. Na mashine ya kidole haitoshi kumwambia mtu ana kisukari: hiyo ni kazi ya damu ya mshipa, maabara, ikisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kisha irudiwe siku nyingine.