Kanivali haikuanzia barabarani

Kila mwisho wa Agosti, picha za kanivali ya Notting Hill, ile sherehe ya barabarani ya watu wenye asili ya visiwa vya Karibi, zikianza kuzunguka kwenye simu, huwa nasikia maneno yale yale kutoka kwa ndugu zetu tunaoishi nao hapa London. Mengine yananichekesha tu. Mengine yanamfuta mwanamke aliyeianza kazi hii, na hayo ndiyo yanayoniudhi.

"Waliamka siku moja wakaanza kucheza barabarani."

Sivyo. Kanivali ya kwanza ya Wakaribi hapa mjini ilifanyika ukumbini, St Pancras Town Hall, tarehe 30 Januari 1959, katikati ya majira ya baridi. Aliyeiandaa ni Claudia Jones, mzaliwa wa Port of Spain, Trinidad, aliyekulia New York. Marekani ilimfunga kwa ukomunisti wake, kisha ikamfukuza nchini mwishoni mwa 1955. Alifika Uingereza afya yake ikiwa mbovu. Machi 1958 akaanzisha gazeti, West Indian Gazette, ofisi ikiwa juu ya duka la santuri huko Brixton. Agosti mwaka huo magenge ya vijana wa Kizungu yakawaandama Weusi wa Notting Hill, usiku baada ya usiku. Miezi mitano baadaye yeye akawaita watu waje kucheza.

Januari nayo ina maana yake. Ndio wakati Trinidad inapopamba moto kwa kanivali yake, kabla ya Kwaresima. Lakini kwa baridi ya London, ungethubutu kuwatoa watu nje na mavazi yale ya manyoya na shanga?

Barabara ilikuja 1966, Claudia akiwa ameshazikwa. Na huko pia alitangulia mwanamke, Rhaune Laslett, aliyetaka sherehe ya mtaa kwa watoto na majirani wa kila asili. Alimwalika Mtrinidad Russell Henderson na wenzake, wapigaji wa zile ngoma za chuma zilizozaliwa na mapipa ya mafuta. Wakazitundika shingoni, wakaanza kutembea, umati ukafuata.

"Ni starehe tu."

Kijitabu cha programu cha 1959 kiliandika wazi kwamba sehemu ya mapato ya mauzo yake ingesaidia kulipa faini za vijana, Weusi kwa Wazungu, waliohusika na matukio ya Notting Hill. Na Wazungu pia, soma tena. Mimi ningeshindwa, nakiri.

"Muziki wa Karibi ni rege."

Usiku ule hakuna aliyecheza rege, maana ilikuwa haijazaliwa. Jina hilo lilitokea kwenye santuri za Jamaika mwaka 1968. Watu walicheza kalipso, muziki wa Trinidad. Mwimbaji wake Mighty Terror alikuwepo, Cleo Laine wa jazi alikuwepo, na kikundi cha wachezaji cha Boscoe Holder. Mwongozaji alikuwa Edric Connor, na BBC ikarusha kwenye televisheni.

Leo promota akisema "usiku wa Karibi" bila kufafanua, anajitafutia balaa. Mtrinidad anataka soca (siyo soka la mpira, tafadhali), Mjamaika anataka dancehall, Mhaiti anadai kompa, wa Martinique na Guadeloupe wanasubiri zouk. Sisi tuliolelewa na rumba ya Kongo, ambayo nayo ilichota sana kwenye santuri za Kuba, tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba visiwa vile havina mdundo mmoja.

"Ukumbi ukijaa, mwenye shughuli keshavuna."

Nilisimama mlangoni mara moja, nikimsaidia dada mmoja anayeandaa usiku wa soca. Nilipewa kile kimashine cha kubonyeza kila anapoingia mtu. Kufikia saa sita usiku kilisoma 412. Nikampongeza. Akaniuliza, "Wangapi wamelipa?" Sikuwa na jibu, maana nusu ya waliopita mbele yangu walikuwa binamu wa DJ.

Hesabu yake ilikuwa kwenye daftari la shule. Ukumbi ulilipwa zamani. Msanii alitaka nusu ya pesa kabla ya kupanda ndege, pamoja na viza, tiketi na hoteli. Kuna vyombo na fundi wake, mabaunsa wanaolipwa kwa saa, bima, leseni ya kupiga nyimbo za watu hadharani. Baa? Mauzo ya vinywaji ni ya mwenye ukumbi, mkataba ndivyo ulivyosema. Kilichobaki ni kiingilio, na kiingilio ndicho binamu wa DJ hawakitaki.

Notting Hill yenyewe haina hata kiingilio. Barabarani unaingia bure, wakati bendi za mavazi, yaani vikundi vinavyocheza vimevaa mavazi ya kanivali, na wenye spika wanahangaika mwaka mzima kutafuta fedha na wadhamini.

"Mwanamke huko ni wa kucheza na kupika."

Mwulize Patricia Chin. Ile P kwenye VP Records ya New York, lebo kubwa ya muziki wa Jamaika, ni yake. V ni ya marehemu mumewe, Vincent. Alianzia kwenye kaunta ya duka la santuri, Kingston.

Claudia aliendelea kuandaa kanivali zake kumbini mwaka baada ya mwaka. Alifariki Desemba 1964, akiwa na miaka 49, akazikwa makaburi ya Highgate, kando ya Karl Marx. Gazeti lake lilikufa mwaka uliofuata.