Mionzi ya kulenga kwa kensa ya ini: maswali ninayoulizwa sana

Tangu watu wasikie kuna mionzi inayolenga uvimbe peke yake nimeulizwa maswali mengi, Unguja na Pemba, basi nayajibu hapa yale yanayorudiwa.

Ina tofauti gani na mionzi ya zamani?
Mionzi ni ile ile, kilichobadilika ni shabaha. Zamani ikipigwa ini zima, na ini zima halistahamili sana, ukifika kama grei 30 (grei ndo kipimo cha mionzi) lishaanza kuharibika na uvimbe wenyewe bado haujafa. Sasa mashine inazunguka kitanda, inapiga miale myembamba kutoka pande nyingi, kila mmoja peke yake ni dhaifu lakini yote inakutana pale penye uvimbe. Ndo maana mgonjwa anamaliza kwa mara 3 mpaka 5, sio zile wiki 5 au 6 tulizozizoea.

Lakini mtu si anapumua, ini si linatembea?
Hapa ndo penye kazi khasa. Ukivuta pumzi ini linashuka, ukitoa linapanda, wakati mwengine sentimita 2 nzima, mfano wa ngalawa iliyotia nanga Mkokotoni, imefungwa lakini haitulii. Kwahiyo kwanza anapigwa picha ya siti skani inayofuata pumzi zake, waone uvimbe unatoka wapi unafika wapi. Siku ya tiba analala chali, mikono juu ya kichwa, mwengine anafungwa mkanda mpana tumboni unambana asivute pumzi kubwa, mwengine anaambiwa vuta, zuia, haya pumua, na wengine walishatiwa vipande vya dhahabu vidogo kama punje ya mchele karibu na uvimbe ili mashine ivione. Mionzi yenyewe haiumi, kinachochosha ni kulala vile bila kujitikisa.

Akirudi nyumbani wajukuu wakae mbali nae?
Hapana jamani. Mashine ikizimwa mionzi imekwisha, haibaki mwilini. Mwacheni bibi apakate wajukuu zake, mle sahani moja, hana cha kumwambukiza mtu kwa mionzi hii. Uchovu na kichefuchefu vinaweza kuja, ila macho kuingia manjano au tumbo kujaa maji wiki au miezi michache baadae ni kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Kila mgonjwa anafaa?
La, na hili linaniuma kila nikilijibu. Daktari haangalii uvimbe tu, anatizama ini lililobaki lina nguvu gani, kama macho yana manjano, kama tumbo lina maji, kama damu inaganda vizuri. Kuna mtu uvimbe wake ungelengwa vizuri tu lakini keshakaa miezi anakunywa miti ya kuchemsha, na miti mengine inaliumiza ini, akifika hospitali ini zima limechoka na mionzi haiwezekani tena. Dua endelea nayo, miti simamisha mpaka umuone daktari.

Inaponesha?
Uvimbe ukiwa mdogo na unakatika, upasuaji kwanza. Mionzi hii inawafaa zaidi wasioweza kupasuliwa, na uvimbe mdogo mara nyingi unasita kukua kabisa. Kwa kensa iliyokwisha kusonga mbele, utafiti ulioongozwa na Dkt. Laura Dawson wa Toronto, Kanada, ulionesha waliopewa vidonge vya sorafenibu, dawa ya kensa, peke yake waliishi wastani wa miezi 12.3, waliotanguliziwa mionzi ya kulenga miezi 15.8. Mingine miezi mitatu na nusu, kwa familia si kidogo.

Tunaanzia wapi?
Unguja hospitali ya Mnazi Mmoja, Pemba hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani. Wanaohitaji mionzi wengi wanavushwa Dar es Salaam, hospitali ya kensa ya Ocean Road. Muulize daktari wazi wazi kama uvimbe wako unalengeka, na wapi.

Mimi nina homa ya ini B tu, sina kensa.
Wewe ndo wa kufuatilia zaidi, kwani virusi hivi ni sababu kubwa ya kensa ya ini huku kwetu. Muulize daktari kuhusu ultrasaundi kila miezi 6, hata kama huumwi na kitu. Ukiandikiwa tenofova, dawa ya kuvituliza virusi hivi, usiikate, na kama siku moja utapigwa mionzi ndo usiikate kabisa, virusi vinaweza kuamka katikati ya tiba. Wa nyumbani kwako wapimwe wote, ambae hana achanjwe, na mtoto mchanga asikose sindano zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, chanjo ya homa ya ini B imo humo humo.