Je, wajua kwa nini Mswahili wa Mombasa aliwahi kukosa daftari la kupigia kura?

Kabla ya uhuru, mtu wa Mombasa hakuandikishwa kupiga kura kwa kuwa mkaazi wa Mombasa. Aliandikishwa kwa asili yake: Mzungu katika daftari la Wazungu, Mhindi katika la Wahindi, Mwarabu katika la Waarabu. Mgawanyo huo haukutokana na maisha ya Mji wa Kale, ambako watu walisali msikiti mmoja na kuoana. Ulitoka kwa watunga sheria.

Baraza la Kutunga Sheria, bunge la kikoloni, lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907 likiwa na wajumbe wa kuteuliwa, na uchaguzi ulipoanza mwaka 1920 wenye haki ya kuchagua walikuwa Wazungu pekee. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikatoa Waraka wa Devonshire, uliotamka kwamba Kenya kimsingi ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao ndiyo yatakayotangulia. Hata hivyo, chini ya waraka huohuo Wazungu walikuwa na viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi 5 na Waarabu 1, ilhali Waafrika waliwekewa mmisionari wa kuwasemea. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza barazani, aliteuliwa mwaka 1944.

Je, Mswahili aliwekwa fungu gani? Watu wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, makundi mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa, wenye mji tangu zama ambazo Nairobi haijawa hata kituo cha reli, hawakuwa na safu yao katika hesabu hiyo. Sheria iliwahesabu pamoja na wenyeji wasio na kura, huku jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akitambuliwa kuwa Mwarabu, akiwa nayo. Kwa kuwa koo za Kiswahili na za Kiarabu zimechanganyika kwa karne nyingi, nasaba, ambayo ni jambo la heshima na kumbukumbu, ikageuzwa kuwa hoja ya kisheria. Mwaka 1927 Waswahili wa taifa hizo wakaunda Afro-Asian Association ili kudai kutambuliwa sawa na Waarabu. Dhara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba haki ilipatikana kwa kujitenga na Mmijikenda wa ng'ambo ya kivuko, si kwa kuidai pamoja naye.

Waafrika walichagua wajumbe wao wenyewe kwa mara ya kwanza mwaka 1957, wanane kwa idadi, na Pwani ikampeleka Ronald Ngala. Mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wa mwaka 1960 ukafungua viti 33 kwa wapiga kura wote bila kutazama rangi, lakini ukabakiza viti 20 vya Wazungu, Waasia na Waarabu.

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila na mahali mtu alikotoka. Lakini hebu tusome kifungu chake cha uraia. Aliyezaliwa Kenya alikuwa raia papo hapo tarehe 12 Desemba 1963 iwapo mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Sasa wachukue watoto wawili waliozaliwa mtaa mmoja wa Mombasa, mmoja babake akiwa mzaliwa wa Jomvu, na mwingine wazazi wake wote wawili wakiwa wametoka Gujarat, India, au Hadhramaut, Yemen. Wa kwanza aliamka siku hiyo akiwa raia; wa pili alitakiwa kuomba kuandikishwa ndani ya miaka miwili. Kifungu hakikutaja rangi hata kwa neno moja, na bado ni rahisi kuona ni jamii zipi kilizigusa zaidi.

Katiba ya mwaka 2010 imeuacha msingi huo: mtoto ni raia iwapo mama au baba yake ni raia, popote alipozaliwa, na ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa rangi, asili, lugha, hata mavazi. Pamoja na hayo, Wapemba, watu wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walioishi Kwale na Kilifi kwa vizazi kadhaa walikaa bila vitambulisho hadi mwaka 2023, na mlango waliofunguliwa ulikuwa wa kutambuliwa kwanza kuwa mojawapo ya makabila ya Kenya.