Kikaratasi cha chini ya mlango hakibadilishi mkataba wa pango

Mpangaji hufika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria na karatasi mbili mkononi. Moja ni mkataba wa mwaka mzima wenye saini zote. Nyingine, ya mwenye nyumba, kaikuta chini ya mlango akiwa na miezi mitano tu ndani: kodi inapanda, maji yatalipwa kando, wageni wasilale. Kisha huuliza kwa unyonge, "Lakini si nyumba ni yake?"

Ni yake, ndiyo. Ila masharti ni yenu wawili, na mmoja hawezi kuyafumua peke yake kabla muda haujaisha. Soma kwanza kama kuna kifungu kinachomruhusu kupandisha kodi katikati; kikiwepo, ulishakubali uliposaini, na kilichobaki ni kuangalia kama amekifuata. Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi hali ni tofauti: kwa kawaida mwenye nyumba anaweza kubadili masharti baada ya kutoa notisi inayotakiwa. Na nyumba ikiuzwa, nchi nyingi humbana mnunuzi kuheshimu mkataba aliokukuta nao.

Kinachowaponza wengi ni kulipa kimyakimya. Mwezi wa kwanza unalipa kodi mpya ili kuepusha ugomvi, wa pili hivyo hivyo, wa tatu umezoea. Siku mkifika mbele ya hakimu, risiti hizo zinaweza kusomwa kuwa ulikubali. Jibu mapema, kwa maandishi. Ujumbe wa simu si mbaya: "Nimepata karatasi yako. Mkataba wetu haujaisha, nitaendelea kulipa kodi iliyoandikwa humo." Kisha ilipe kweli, kwa tarehe yake. Anayegoma kulipa kabisa kwa hasira hugeuka yeye kuwa mvunja mkataba, nasi tunabaki bila la kumtetea. Mwenye nyumba akiikataa hela, itume kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Kama mabadiliko unayaafiki, yaandikwe kwenye nyongeza ya mkataba: nini kinabadilika, kuanzia lini, saini za wote, kila mmoja na nakala yake.

Wenye nyumba wengine humtuma msimamizi na daftari, "weka saini hapa kuonyesha umepata." Weka, lakini kando ya saini andika kwa mkono wako: nimepokea, sijakubali. Halafu upige picha ukurasa huo kabla hajalifunga daftari.