Kuzuru Aldabra kwa Yoti ya Matanga: Maandalizi Huanza Bandarini

Aldabra, duara la visiwa vya matumbawe linalozunguka ziwa la maji ya bahari, iko kusini-magharibi mwa Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, na zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani ya Afrika, na haina uwanja wa ndege. Kila anayeukanyaga ufukwe wake amefika kwa bahari. Umbali huo ndio uliowanusuru kobe wakubwa wapatao 100,000, ambao jamaa zao katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi walimalizwa na mabaharia waliowageuza kitoweo. UNESCO iliiingiza Aldabra katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na msimamizi wake ni Wakfu wa Visiwa vya Shelisheli. Nahodha anapaswa kupata kibali cha wakfu huo kabla ya kung'oa nanga, kwani taratibu za uhamiaji na forodha pekee hazimruhusu kushuka huko.

Wasafiri wengi huuliza kwanza kuhusu nanga na matumbawe, na ni haki yao. Hata hivyo, linalotutia hofu zaidi sisi wa hifadhi ni abiria wasioandikwa: panya, sisimizi, mijusi na mbegu. Wanyama wa visiwa vya mbali wameishi vizazi na vizazi bila adui wa miguu minne, kwa hiyo wengi wao hawajui kukimbia. Ndege wa Aldabra mwenye koo jeupe, ambaye haruki kabisa, alitoweka katika Picard, kimojawapo cha visiwa vya Aldabra, walikoletwa paka, akarudishwa huko mwaka 1999 baada ya paka hao kwisha. Mbuzi nao, waliokuwa wakila majani ya kobe na miti inayowapa kivuli, walichukua miaka mingi kuondolewa, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2012. Kuzuia ni rahisi mno kuliko kuondoa.

Kwa hiyo chombo kikaguliwe kikiwa bado bandarini. Viazi na vitunguu vimwagwe kutoka magunia yake, vichambuliwe kimoja kimoja na kuhamishiwa ndoo safi zenye vifuniko, kwa sababu udongo na wadudu hujificha chini ya gunia. Nyayo za viatu zisuguliwe kwa brashi, na mifuko ya nguo ipinduliwe, maana mbegu ndogo za nyasi hung'ang'ania kwenye mishono na soksi. Kamba za kufungia chombo gatini ziwekewe visahani vya kuzuia panya. Viumbe vilivyoganda chini ya chombo vikwanguliwe chelezoni, kamwe si kule kisiwani, ambako vikianguka huweza kuota upya.

Huko Aldabra penyewe, maji ndiyo yanayopanga ratiba. Ziwa la ndani hupokea na kutoa maji kupitia milango michache, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mkondo wake hushinda nguvu ya injini ndogo. Mgeni aingie kwa mashua akiongozwa na walinzi wanaoijua milango hiyo.

Mchana wa jua kali kobe hujibana chini ya miti, na asiondolewe kivulini kwa ajili ya picha, kwa kuwa joto la jua huweza kumuua. Usiku, kasa wanapopanda kutaga, taa za sitaha zizimwe na madirisha yafunikwe, ibaki taa ya nanga tu, ambayo sheria ya bahari inaidai.